Ridhiwani Aliyeomba Asubiriwe

Simu ya Zaidi ilinikuta Chumbi kwa mume wangu, ninapepeta mchele. Zaidi alikuwa akifanya kazi na mdogo wangu Ridhiwani kwenye ghala la korosho huko Kibiti. Alinisalimia mara mbili, kisha akaanza, "Dada, Ridhiwani... pikipiki..." Nikammalizia: "Amefariki?" Akasema ndiyo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tabia ya kuwamalizia watu maneno niliipata kwa huyohuyo Ridhiwani. Alizaliwa Mtunda, na alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Mama alimpeleka kwa mwalimu wa madrasa akanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Kigugumizi hakikutoka. Basi nyumbani akikwama, tunasema sisi. Tuliona ni huruma.

Alipomaliza kidato cha nne akaanza kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha. "Neno gumu likwepe, sema jingine," nilimwambia. Siku moja wakamuuliza anatoka wapi. Mtunda ikagoma kutoka, akasema Kibiti, na fomu yake imeandikwa Mtunda. Wakamwona mwongo. Safari nyingine wakamtaka aeleze mizani inavyotumika, akasema hajui, kumbe anajua vizuri, ila neno lenyewe lilimshinda. Mara tatu alirudi hivyo, akavua viatu mlangoni na kujilaza bila kula.

"Umewaambiaje leo?" nilimuuliza.

"Nimewaambia ma-maneno yako, dada. Yangu bado ninayo."

Mara ya nne ilikuwa hapo ghalani. Kabla hawajamuuliza kitu akawaambia, "Nina kigugumizi. Nitajibu yote, ila naomba mnisubiri, msinimalizie."

Mmoja akamtania, "Tukusubiri mpaka msimu wa korosho uishe?"

"Ha-hapana, bosi. Mpaka nimalize hili."

Wakacheka, na yeye akacheka, kisha wakamsubiri. Akapewa kazi ya kupima. Alikaa hapo misimu sita, na wakulima walimpenda, kwa kuwa kilo alizozitaja taratibu kila mtu alizisikia.

Mimi sikuacha. Hata Idi iliyopita nilimmalizia salamu aliyokuwa akimpa mama.

Mwili wake uliletwa Mtunda ukaoshwa. Sisi wanawake wa nyumbani tukaitwa tumuage kabla hajafunikwa uso. Mama alimpa radhi zake, akamwombea. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Ridhiwani, nisamehe kwa..." Kilio kikanikaba. Shangazi Sikujua akafungua kinywa anisaidie, mama akamshika mkono. Wote wakanisubiri.

"Kwa kukukatiza," nikasema.

Wakamfunika. Baada ya swala ya adhuhuri wanaume walibeba jeneza, wakamzika kando ya baba. Sisi tulibaki uani tukisoma Yasini.