Nilimtumia Mgonjwa Siri Yake kwa Imeili ya Mkwewe

Nimekosa. Acha niseme tu.

Mimi natunza mafaili kwa kliniki ndogo karibu na Kapsoit. Nilisoma kompyuta masomo ya jioni, nikapata cheti, nikajiona profesa wa dunia nzima. Cheti kikiwa bado kinanuka wino, nikamwambia sista mkuu tuache kupigia wagonjwa simu. Tuwatumie imeili za kuwakumbusha vipimo. Akaniambia niulize kila mtu kwanza imeili yake inafunguliwa na nani. Nikamwona wa kizamani.

Na ujinga wangu uko hapa: nilikuwa najua! Mimi ni wa huku. Wakulima wetu wa chai wengi hawajawahi kufungua imeili maisha yao. Kijana wa boma lao nyumbani ndiye anawaandikia yake kwa fomu. Hata mama yangu anatumia yangu.

Kuna mama mmoja, nitamwita Mama Chela. Sista alikuwa ameona kitu kidogo kwa mlango wake wa kizazi, akamwambia arudi baada ya miezi sita. Imeili kwa faili ilikuwa na jina la mwanaume. Sikuuliza. Nikaandika barua tamu kama mahubiri: jina lake, sehemu ya mwili itakayopimwa, hadi ile ya kwamba asilale na mzee wake siku mbili kabla.

Hiyo imeili ilikuwa ya mkwewe, mume wa binti yake. Ilimpata kwa kituo cha kupimia majani chai, mama mwenyewe akiwa kwa foleni na kikapu. Kijana akaona jina la mama mkwe na neno "muhimu", akasoma mstari mmoja, akaishia hapo. Kwetu mkwe hawezi kutamka maneno kama hayo mbele ya mama mkwe. Basi akampa jirani simu amsaidie kumpa mama ujumbe.

Jirani hakunong'ona. Alisoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, nafikiri hata majani chai yalisikia.

Mama Chela hakurudi kliniki. Nikaenda kwake kuomba msamaha na kilo mbili za sukari, ati sukari! Nilimkuta akichuma. Hakuacha kuchuma chai.

"Angekuwa mtu wa mbali ningemsamehe," akasema. "Wewe ni wa hapa. Ulijua."

Nikabeba sukari yangu nikarudi.

Kijana naye aliacha kuingia kwa boma la mama mkwe wake. Binti alikuwa analetea mamake wajukuu peke yake.

Sista alimwendea kwa miguu mara nne, mwishowe mama akakubali kupimwa Kericho mjini, mahali hajulikani. Ilikuwa imepita karibu mwaka tangu kile kipimo cha kwanza. Kile kitu kidogo hakikuwa kidogo tena. Sasa anangoja upasuaji, na daktari hakumwahidi chochote.

Wewe unayekaa kwa kompyuta ya kliniki, kabla ubonyeze kutuma, mwulize mgonjwa uso kwa uso ni nani atafungua. Akisema ni mtoto, ni mkwe, ni jirani, weka hiyo imeili kando umtafute mwenyewe. Usijiambie kosa ni la mashine. Mimi nilijiambia hivyo wiki nzima, na mama alikuwa anaugua.