Kona ya Juu, Upande wa Abiria

Shemeji yangu ni fundi wa bodi, na gereji zote za mtaa wake zinamjua kwa jina la Rula. Hakujipa jina hilo. Walimpa wateja, kwa sababu alikuwa anainama mbele ya gari lililogongwa, anafumba jicho moja, anakwambia chuma kimekimbilia wapi na kirudishwe vipi, kisha anapitisha vidole kuhakikisha, na hakosei. Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo utani ni haki yangu na ninaidai kila siku. Ila mbele ya gari sithubutu. Mbele ya gari Rula hacheki na mtu.

Gari tunalolizungumzia ni langu. Ni la Kijapani, la michezo, milango miwili, limetoka kiwandani kabla mimi sijaota ndevu. Nililikuta nyuma ya ghala la mbao, tawi limeliangukia, paa limebonyea, nguzo za kioo cha mbele zimekunjamana na kioo chenyewe hakipo. Nilipolivuta hadi kwa Rula, dada yangu aliniuliza kama sasa nimechanganyikiwa rasmi. Nikamwambia bado, naendelea vizuri.

Ukipenda gari la namna hiyo unageuka ombaomba. Taa za nyuma nilizipata kwa kinyozi mmoja aliyezitundika ukutani kama pambo, akanibembelezesha hadi nikawa nanyolewa nywele ambazo hazijaota. Kabureta zilikuja kwa posta kutoka Japani, zimefungwa kwenye magazeti ambayo hatukuweza kusoma hata neno moja lakini hatukuthubutu kuyatupa. Kioo cha mbele ndicho kilinishinda. Nilipiga simu kila palipo na skrepa, nikaambiwa kila mahali kwamba mwenye kioo hicho hakiuzi, na asiyenacho anakitafuta kama mimi.

Aliyekipata ni mpwa wangu, binti wa Rula. Yeye ni fundi wa vioo, na wenzake wa kazi walimwambia kuna mkulima amefunikia miche yake kwa kioo cha gari la zamani. Alikwenda mwenyewe kukiangalia, akapima, akanipigia: "Mjomba, ni chenyewe. Njoo na godoro, usije na blanketi." Tulikileta juu ya godoro, mimi nimekaa nyuma nimekishikilia kama mgonjwa.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Binti huyo na baba yake walikuwa hawasemeshani. Zamani alikuwa fundi wa bodi chini ya baba yake, tangu amalize shule, na mkono alikuwa nao. Siku moja mteja amekuja kuchukua gari, Rula ameshanawa mikono, binti akapitisha kiganja mlangoni akasema, "Baba, huu mlango bado." Alisema mteja akisikia. Rula hakupaza sauti. Alimwambia, "Kama kwangu pamepinda, nenda kwa walionyooka." Binti akachukua begi lake, akaenda kujifunza vioo mtaa wa pili, na tangu siku hiyo salamu zao zikawa zinapita kwa dada yangu, ambaye alichoka kuwa posta lakini angefanyaje.

Kwa hiyo nilitafuta fundi mwingine wa kuweka kioo. Wa kwanza Rula alimkataa kwa sababu ya pete kidoleni. Wa pili alisema anaongea sana. Wa tatu, mtu wa watu, alikataliwa kwa kosa la kuwa na haraka. Nikamwambia, "Shem, mchagua nazi hupata koroma." Akajibu bila kuniangalia, "Basi kamlete unayeona anafaa." Nikajiona mjanja kweli. Nikaenda moja kwa moja kwa mpwa wangu.

"Amesema yeye?" aliniuliza.

"Amesema nilete anayefaa."

Akafikiri. "Nitakuja. Ila mjomba, nikiona kitu nitasema, siwezi kunyamaza. Akinifukuza tena mbele za watu, pale kwake sirudi maisha, hata mama alie vipi. Mwambie hivyo."

Sikumwambia. Niliogopa akikataa, nitakosa kioo na amani pia.

Siku ya kazi gari lilikuwa limesimama katikati ya gereji, lote la kijivu, limepigwa praima tu, ile rangi ya chini. Fundi wa kupaka rangi alikuwa ameegemea ukuta, barakoa shingoni, amenuna. Kawaida rangi hutangulia, kioo hufuata, lakini Rula alikuwa amekata kauli: kioo kijaribiwe kwanza. Hakueleza kwa nini. Fundi umeme wa jirani naye alikuwepo, bila kuitwa na mtu.

Mpwa wangu akaingia na begi lake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi."

Hilo neno fundi lilinichoma mimi, sembuse yeye. Hakuonyesha. Alikivalisha kioo mpira pande zote, akaupaka maji ya sabuni, akazungusha kamba nyembamba ndani ya mfereji wa mpira na kuacha ncha zake ziingie ndani ya gari. Kazi hii kuisema ni rahisi. Aliye ndani anavuta kamba polepole, na kadiri inavyotoka, mdomo wa mpira unapanda juu ya ukingo wa fremu. Aliye nje anasukuma kwa viganja pale kamba ilipofika. Wakielewana, kioo kinaingia kama mguu kwenye soksi. Wasipoelewana kinapasuka, na changu hakikuwa na pacha.

"Nani anasukuma?" aliuliza.

Nikasogea. Rula akanisukuma kando kwa bega. "Wewe una kiwewe." Akaweka viganja vyake mwenyewe juu ya kioo.

Viti vilikuwa bado kwa fundi wa kushona, kwa hiyo binti alikaa ndani juu ya kreti la soda. Wakaanza. Hawakusemezana, lakini upande wa chini uliingia vizuri, kamba ikitoka na viganja vikiifuata. Upande wa dereva nao ukaingia. Nikaanza kupumua. Kamba ikapanda juu, ikavuka katikati, ikafika kona ya juu, upande wa abiria, ikagoma. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Binti akaacha kuvuta. "Usisukume, baba. Usiachie pia. Shika hivyo hivyo."

"Huo ni mpira umekauka," alisema mpaka rangi. "Ongeza sabuni, vuta."

"Vuta tu, mpwa wangu," na mimi nikadakia, maana nilikuwa nimeshaliona gari barabarani.

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa chuma pale konani, akakirudisha, akakipitisha tena. Uso wake na wa baba yake ulikuwa karibu kabisa, kioo katikati. Nilijua atakachosema. Niliomba moyoni anyamaze, kwa sababu habari ya mlango ule wa zamani aliisikia mteja tu, na leo tulikuwepo sisi, mashahidi watatu, na mmoja wetu hajui kutunza siri hata ya bei ya nyanya.

"Si mpira," alisema. "Fremu ndiyo bado."

Fundi umeme akatazama chini. Mtu mwingine angegeuka akaondoka, lakini Rula hakuweza: angeondoa mikono kioo kingechomoka. Alibaki pale pale, viganja juu ya kioo, kama mtu anayepekuliwa na polisi. Binti alishusha kamba mapajani akasubiri, na niliona anavyojikaza asitangulie kukwepesha macho. Sikujua niogopee kipi, kioo au mtoto.

"Legeza kamba," Rula akasema hatimaye. "Tunakishusha."

Walikishusha pamoja, wakakilaza kwenye godoro, kizima. Kisha Rula akawaambia wale wawili waende wakanywe chai. Akanigeukia.

"Gari ni langu," nikamwahi.

"Basi kaa, ila funga mdomo."

Akaenda konani. "Ni wapi?"

"Hapo hapo juu. Imeingia ndani kidogo tu. Pitisha kidole."

Akapitisha. Akarudia. "Sipati kitu."

"Bonyeza zaidi."

"Mama," alisema Rula, na sauti yake sikuitambua, "sipati kitu popote."

Akanyoosha mikono yake mbele yetu, ile mikono ambayo gereji nzima inaiapia. Vidole vilikuwa vimekufa. Grenda na nyundo ya miaka yote ile. Zilianza ncha, akadhani ni baridi, sasa ganzi ilikuwa imefika viungo vya kati. Mwezi uliopita alishika bomba la ekzosi la moto na akajua kwa harufu. Hakuwa amemwambia mtu, hata dada yangu anayelala naye kitanda kimoja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu alikuwa amejificha ndani ya gari langu.

Hasira zilinipanda. "Kwa hiyo ulijua, na bado ukaniwekea kioo changu hapo?"

"Nilijua kuna kitu. Sikujua ni wapi. Bodi hii nimeipiga kwa macho, na macho yakizeeka yanasema sawa kwa kila kitu. Wale mafundi wako watatu wangesukuma tu, kipasuke, wausingizie mpira. Nilitaka mtu atakayesema."

"Si ungeniita mwenyewe," binti akasema.

"Nilikufukuza kwa hilo hilo. Ningekuitaje nalo?"

Binti alikuwa na machozi, lakini ya hasira, yale yasiyoanguka. "Na ule mlango?"

Rula alivitazama vidole vyake. "Ulikuwa bado," alisema. "Vidole vilikuwa vimeshaanza."

Nilitamani niwe kule kwenye chai. Mpwa wangu alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaingia ndani ya gari, akapanda juu ya kreti, akaweka kidole konani. "Piga hapa. Kandokando ya kidole changu."

"Toa kwanza mkono."

"Nikitoa utapotea. Piga."

Rula akachukua nyundo ndogo. Nimemwona akinyoosha magari yaliyobiringika, sijawahi kumwona akiogopa chuma. Alipiga kama anabisha hodi kwa mkwe. "Bado," binti akasema. Akapiga tena. "Bado. Ongeza." Nyundo ilikuwa inatua upana wa punje ya mchele kutoka kwenye kidole chake, na yeye hakukisogeza. Mimi nilifumba macho, mtu mzima. Nilipoyafumbua alikuwa anapitisha kidole taratibu kutoka juu hadi chini. "Sasa," alisema.

Walipokirudisha kioo, kamba ilizunguka kona ile kama haikuwahi kugoma. Nililizunguka gari langu nikicheka peke yangu, nikaenda getini kumwita mpaka rangi.

"Mwache amalize chai yake," Rula akasema. Alikuwa ametoa chaki mfukoni. "Mama, lizunguke gari lote. Kila bati. Ukisikia kitu, sema."

"Si lazima iwe leo, baba."

"Lote."

Akaanza na bati la mbele, kiganja wazi. "Hapa," alisema, na baba yake akachora alama. "Na hapa." Kwenye mlango wa abiria kiganja kilisita kidogo kisha kikapita.

"Rudi," Rula akasema.

"Ni kidogo sana. Rangi itaficha."

"Sema."

"Bado."

Akachora. Mpaka rangi akarudi na kikombe chake, akalitazama gari lilivyojaa alama nyeupe, akavua barakoa shingoni akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshawaahidi rafiki zangu wote kwamba nitapita kwao nikipiga honi. Nilikaa juu ya tairi.

Walipofika kwenye buti binti alisema hapa, na Rula akainama, akachora. Akachora tena, kwa nguvu zaidi, na pale kwenye kijivu hapakutokea kitu. Chaki ilikuwa imemponyoka tangu kwenye taa, iko sakafuni nyuma yake, na yeye anaendelea kuchora kwa vidole vitupu. Mpwa wangu aliiokota. Akakishika kiganja cha baba yake, akamwekea chaki, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja mpaka alipohakikisha kwamba imeshikwa.

"Hapa, baba," alisema.