Kura ya Dawa ya Viwavi

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, nilisimama mbele ya wakulima wa tumbaku wa Katumba kukusanya maoni juu ya rasimu ya mwongozo wa kutambua kemikali zinazovuruga homoni mwilini. Nilieleza kwa uangalifu: dawa ya viwavi "inashukiwa", "huenda", "haijathibitishwa". Nilijipenda sana.

Mama mmoja mjamzito akauliza, "Dada mtaalamu, kesho napiga dawa shambani. Nipige au niache?"

"Hapo ndipo tunapotaka maoni yenu," nikajibu.

Mwenyekiti, aliyezoea mikutano ya kijiji, akaitisha kura. "Wanaosema aache, wanyooshe mikono."

Ikanyooshwa yote, na wangu pia, ingawa sikuwa mjumbe.

"Haya, nyie mlionyoosha," yule mama akasema, "hao viwavi atawatoa nani?"

Mikono ikashuka. Wangu ukabaki juu peke yake, maana nilikuwa bado nachagua kati ya "inashauriwa" na "inapendekezwa".

"Asante, dada," yule mama akaniambia, akiutazama mkono wangu. "Njoo mapema, kabla ya jua kali."

Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani kwake, nikiokota viwavi kwenye majani ya tumbaku mmoja mmoja, macho nimeyafumba nusu.