Saa Mbili Angani Kumwahi Hana

Jua limeshatoka upande wa Makole, na Zipora Chiwanga anafyeka majani kando ya njia ya ndege, Dodoma. Mvumo unaanza. Anaegemea fyekeo lake na kuinua uso, hadi ndege ndogo inapoyeyuka kwenye weupe wa anga.

"Hiyo inakwenda ziwani, Mwanza," anasema taratibu, kwa lafudhi ya Kigogo. "Nikiisikia, moyo unapanda nayo."

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Haneti, alianza kazi hapa enzi ambazo ndege zilikuwa za serikali na za wamisheni. Sasa kampuni binafsi zimeruhusiwa, na zinashuka za kila rangi. Miaka yote hiyo alizisafishia njia bila kuwaza kwamba siku moja ataketi ndani. Nauli ya Mwanza ingemeza mishahara yake ya miezi kadhaa.

Mwaka jana mvua kubwa zilikata reli na kubomoa barabara. Ndipo simu ikapigwa ofisini: binti yake wa pekee, Hana, aliyeolewa Mwanza, amejifungua na hajitambui.

"Nilikaa hapa hapa kwenye majani," Zipora anakumbuka. "Treni hakuna, basi hakuna. Mwanza ikawa kama kuzimu, haina njia."

Halfani, rubani wa ndege za kukodi, alimkuta pale.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Mtoto wangu yuko mahututi Mwanza."

Kijana aliigeukia ndege yake. "Napeleka dawa huko sasa hivi. Kiti kimoja ni kitupu. Nawa mikono, twende."

Kwa anga, Dodoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita mia tano. Ndege ile huchukua karibu saa mbili. Kwa treni, hata reli ikiwa nzima, msafiri hulala njiani.

Zipora aliliona bonde la Bahi limegeuka maji matupu. Yakaja mawingu, kisha maziwa ya Singida, yametulia kama macho ya ng'ombe.

"Chini sikuona mtu hata mmoja. Nikajiuliza, Mungu anatuonaje? Nikaanza kuomba. Sijamaliza, tukashuka."

Hospitalini, Hana alikuwa ndiyo kwanza amefumbua macho.

"Mama, umepita wapi?"

"Juu."

Hana alimgeukia muuguzi, akamwambia homa imepanda tena, anamsikia mama yake akisema amepita angani.

"Akanishika kiganja," Zipora anasema, "akapapasa sugu za fyekeo. Hapo akajua ni mimi."

Hana alipona. Mwanawe, Erica, sasa anatembea. Desemba hii Zipora atakwenda kuwachukua, wakashinde msimu wa kupanda mtama Haneti.

Ataomba kiti cha ndege safari hii? Anatikisa kichwa, anatabasamu.

"Ndege ni ya kumwahi mgonjwa. Mjukuu nitamleta kwa treni, reli imeshatengenezwa. Nataka alale mapajani mwangu njia nzima, na njia iwe ndefu."