Lori Bila Betri

Kwetu, enzi hizo, samaki haliwi. Mama yangu alimhesabu pamoja na nyoka, na ukimtaja tu alitema mate chini. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba kilichoniharibia harusi ni kitu ambacho hakuna mtu wa nyumbani angekitia mdomoni. Angekuwa ng'ombe, labda ningesamehe.

Nilikuwa dereva wa lori katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, miaka ya hamsini. Mwenye shamba, mzungu mrefu ambaye sote tulimwita Bwana, alikuwa na bwawa la kunyweshea kahawa. Ndani yake alifuga samaki, na kwa ajili ya samaki akanunua mashua ya mbao. Bwawa lenyewe! Mtu mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likaangukia ng'ambo. Lakini makasia, alisema, yanatisha samaki. Akataka mota ya umeme, ile inayofungwa nyuma ya mashua na kuisukuma polepole bila kelele.

Mota zilikuwa za saizi mbili. Kwa sababu betri zote za shamba zilikuwa mikononi mwangu, aliniita barazani akanionyesha picha.

"Dereva, wewe nafikiri nini? Kubwa ao kidogo?"

"Ndogo, Bwana."

Sikusema hivyo kwa hekima yoyote. Mota kubwa hula betri haraka, na wa kubeba betri begani kutoka karakana mpaka bwawani, asidi ikimtoboa shati, ningekuwa mimi. Bwana alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wewe iko mvivu sana," akasema, akaagiza ile kubwa.

Ilipofika tuliifunga kwa betri moja iliyotolewa kwenye gari bovu. Ilienda vizuri hadi kwenye mafunjo upande wa pili, ikazimika. Bwana alirudi kwa makasia, uso mwekundu, akiitukana betri. Mtu mwingine angeirudisha mota akachukua ndogo. Yeye aliamua kwamba betri ndiyo haitoshi: zinatakiwa mbili, zifungwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ndipo zidumu. Na ya pili itoke wapi? Kwenye lori langu. Basi kila Jumamosi kazi ikiisha niliifungua nikaipeleka bwawani, na Jumatatu nikairudisha baada ya kuichaji. Nilinung'unika moyoni tu.

Ndipo nikaposa. Msichana alitoka kijiji kimoja karibu na Thika, na baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua, amekonda hata koti lilimning'inia. Ni yeye mwenyewe aliyetukataza kungoja mavuno.

"Nataka kumpeleka mtoto wangu kanisani kwa miguu yangu," aliniambia akinishika mkono, "na hii miguu unaiona."

Padri, ambaye alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, alitupa Jumamosi moja, saa tatu asubuhi. Siku zile za hali ya hatari watu wetu hawakusafiri ovyo, na kibali tulichopata kilikuwa cha siku hiyo moja. Nilimwomba Bwana lori mapema, nikamweleza habari za mzee. Alinipa mkono. "Chukua lori. Hiyo zawadi yangu."

Ahadi ni deni, hata mtoto anajua. Ijumaa jioni nililiosha lile lori mpaka likang'aa, shangazi zangu wakalifunga maua. Asubuhi wakapanda nyuma na viondo vyao vya kusukwa, mama katikati, wakiimba. Nikabonyeza stata. Kimya. Nikafungua kisanduku cha betri nikakuta nyaya mbili zinaning'inia.

"Bwana alikuja alfajiri na mgeni wake," mlinzi akaniambia, akiangalia pembeni. "Ameitoa mwenyewe. Anasema watu wawili ni wazito, betri moja haiwezi."

Nilikimbia hadi bwawani na suti yangu ya harusi. Mashua ilikuwa katikati ya maji, inateleza bila sauti. Nilipoita, Bwana aliweka kidole mdomoni. Samaki! Nikaita tena, kwa nguvu, nikasema lori halina betri na kanisa linatungoja.

"Mimi nilipa wewe lori," akajibu. "Nani alisema betri?"

Mgeni wake akacheka. Mimi hasira zilinipanda hata nikaona giza, lakini sijui kuogelea, na betri ilikuwa huko kwake. Nilingoja ukingoni kama mtu aliyeshtakiwa. Alitoka majini alipotaka, na betri ilipofika kwenye lori haikuwa na kitu, mota ile kubwa ilikuwa imeifyonza yote. Binamu zangu walizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Injini bila umeme haiwaki.

Tulienda kwa miguu hadi barabarani, tukachukuliwa na lori lililopeleka ngozi mbichi Thika. Shangazi zangu, na mafuta yao na shanga zao, walikaa juu ya ngozi zenye nzi.

"Ngai!" mama alimlilia Mungu njia nzima. "Kwa sababu ya samaki!"

Desturi yetu ni kwamba wanawake wa upande wa bibi harusi hufunga lango na kuimba, na wetu hawapiti mpaka wajibu kwa wimbo na kutaniwa vya kutosha. Siku hiyo tulipofika kwao lango lilikuwa wazi, na hakuna aliyeimba. Padri alikuwa ameondoka. Mzee alikuwa ametembea hadi kanisani, kwa miguu yake kama alivyosema, akangoja kwenye benchi la nje mpaka akaishiwa nguvu, wakamrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tulimkuta amelala na koti lake jeusi.

"Umefika, mtoto wangu," akaniambia. Afadhali angenitukana.

Padri alitupangia siku nyingine, baada ya Pasaka. Mzee hakuifikia. Alifia hospitalini Thika, na kwa kuwa nilikuwa mkwe hata kabla ya pete, nilitumwa nitafute gari la kumleta nyumbani. Nilimkuta Bwana kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wafanyakazi wote wapo. Nilimweleza. Akavua kofia, akasema kwa upole kabisa, "Pole sana. Chukua lori."

Sikusogea. Watu waliacha kugeuza kahawa.

"Na betri, Bwana?" nikamwuliza.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, na ni kweli nilikuwa nimemtukana. Nilisimama pale pale mpaka aliposema, kwa mdomo wake na mbele ya watu wote, kwamba na betri pia.