Mronge Nilioukata Mvua Zilipokaribia

Mronge ule haukuwa wangu. Aliupanda mwenzangu, mtumishi wa ndani katika nyumba ya Riyadh ambako mimi nilikuwa dereva, kwa mbegu alizozinunua Mombasa siku ya safari yake. Katika miaka miwili ulipita ukuta wa bustani. Majani mabichi aliyapika kwa kitunguu. Makavu aliyachemsha kila aliposhikwa na mafua. Katika nyumba ile hakuwa na kitu kingine alichoweza kukiita chake.

Mwezi wa Novemba madam alimpeleka Jeddah kwa miezi michache, akamsaidie bintiye aliyejifungua. Asubuhi ya kuondoka mwenzangu aliniita kwenye mlango wa jiko.

"Mwalimu, mti wangu nakuachia. Baridi ikianza, uvishe magunia. Na usiukate."

Kwa kuwa nilipata kusomesha nahau ya Kiarabu na fikihi madrasani kabla ya kushika usukani, aliniita mwalimu, nami nilikuwa nimezoea kuwa ndimi nijibuye.

"Dada, mronge ni mti wa kwetu Pwani. Utanifundisha wewe wa milimani?"

"Mimi nimeona sakitu ikiunguza shamba zima la viazi. Wewe baridi umeijulia kwenye friji."

Tulicheka. Kwetu mronge hukatwa mvua zikikaribia, upate kuchipua chini, mkono unapofika. Mawingu ya kwanza yalipotanda mwezi wa Desemba, nilichukua msumeno nikaukata usawa wa kifua, mkato safi wa mshazari, nikajisifu moyoni. Sikutafakari jambo ambalo kila mkazi wa Riyadh analijua: huko mvua huja pamoja na baridi. Magunia sikuyafunga, niliona kisiki hakina cha kufunikwa. Baada ya majuma mawili gome lilikuwa jeusi, likibonyea chini ya kidole kama ndizi iliyooza. Kwa aibu, na ili nisikione tena kila nitoapo gari, nilikichimbua kisiki chote nikasawazisha udongo.

Februari nilimpeleka madam kumwona mjukuu. Jeddah haina baridi ya namna ile, na mironge humea bila kubembelezwa. Nilinunua fungu la majani sokoni, nikamkabidhi mwenzangu mlangoni.

"Ya mti wako, dada."

Aliligeuza fungu mkononi, akanitazama.

"Kutwa nzima njiani, mwalimu, na hayajanyauka?"

Nikamweleza yote, tangu msumeno.

"Na mizizi je? Joto likirudi si ingechipua?"

"Niliing'oa."

Hakunitukana, ningependelea matusi. Aliliweka fungu juu ya kiti cha mbele cha gari, akafunga mlango taratibu, akaingia ndani alikokuwa akilia mtoto wa watu.

Kesho yake nilianza safari ya kurudi Riyadh, fungu likiwa palepale alipoliweka. Majani yalinyauka kabla sijafika nusu ya njia.