Kuku Aliyenitangulia Kutembea

Sifa zote ni za Mungu, aliyeumba mfupa na kuujalia kuungana tena baada ya kuvunjika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala mkekani kwa Mama Zaina, muunga mifupa wa kijiji cha Lusangi, mguu umefungwa vijiti vya mianzi, namtazama kuku. Wewe unanijua kama mzee wa msikitini hapa Kasongo. Huenda hujui kwamba ujana wangu niliumaliza kwenye raga, mpira ule wenye umbo la yai, ambao watu wetu walipouona waliuliza umetagwa na ndege gani. Niliuanza Lubumbashi nikiwa mwanafunzi, na timu moja ya Nairobi ikaniita nikacheze kwa mshahara. Kabla sijasafiri, nikavunjika mguu uwanjani. Wale wa Nairobi wakaniambia: ukipona kabla ya msimu, njoo, usipopona, tutachukua mwingine. Nikarudishwa nyumbani, huku Kasongo.

Mama Zaina alifuata desturi ya wazee wetu. Ukifungwa mguu, kuku naye huvunjwa wake palepale, akafungwa kama wewe. Akianza kutembea, nawe unajaribiwa. Dawa ilikuwa majani, vijiti na Bismillahi. Kuku alikuwa kalenda tu.

Basi asubuhi hiyo kuku akasimama, akachechemea, akaenda zake kuchakura. Nami nikashika ukuta, nikainuka. Maumivu yakanirudisha chini. Mdogo wangu Saidi, aliyeniita yaya, yaani kaka, akacheka mpaka akakaa.

"Yaya, kuku amekupita! Tumutume yeye Nairobi?"

Nikamfokea, nikadai nifunguliwe vijiti siku hiyohiyo. Mama Zaina hakupandisha sauti.

"Mutoto yangu, ile kuku ilikuja na mguu tu. Weye ulikuja na mguu na haraka. Mguu nimefunga. Haraka nifunge na kamba gani?"

"Lakini Mama, nafasi yangu itapotea!"

"Nafasi ikipotea, iko ingine. Mguu huu ukipotea, ingine iko wapi?"

Nikabaki mkekani. Msimu ukaanza bila mimi, nafasi ikaenda kwa mwingine, na nililia, sikufichi. Lakini mguu uliungana vizuri. Mwaka uliofuata nilikwenda Nairobi bila kuitwa, nikaomba wanijaribu, wakanichukua.

Nilicheza miaka mingi, alhamdulillahi. Bega likateguka, nikangoja. Goti likavimba, nikakaa benchi, kisha nikaanza upya kugombea nafasi na vijana wenye vifua kama milango. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wenzangu wengine, wenye kipaji kunizidi, walirudi uwanjani kabla majeraha yao hayajapona, wakauacha mpira mapema.

Mwanangu, mwenzako akisimama kabla yako, mfurahie. Kupona kwake hakujala sehemu yako. Kila mwili una wakati wake kwa Mola. Tena kusubiri si kulala: swali, kula vizuri, zoeza kiungo kilicho kizima, washukuru wanaokubeba. Ukiambiwa bado, usione umeambiwa hapana.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuungie kilichovunjika, akupe moyo wa kungoja, na siku yako ikifika, akupe miguu ya kukimbia. Amina.